Juhudi tunazo, maarifa ya kazi je?

Watu wengi wanalikumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967 kwa mabenki yaliyotaifishwa siku chache baada ya kutangazwa kwake. Ndani ya waraka huo, hata hivyo, mna sehemu inayozungumzia kazi yenyewe, na masharti mawili ya maendeleo yametajwa humo yakifuatana: juhudi na maarifa. Juhudi zimepimwa kwa saa. Mfanyakazi wa mshahara mjini, Azimio linahesabu, hufanya kazi kama saa 45 kwa wiki; kisha linawageukia wakulima, hasa wanaume, na kuuliza wao wanafanya ngapi. Maarifa yameelezwa kwa mifano ya shambani: jembe kubwa badala ya dogo, plau ya kukokotwa na ng'ombe badala ya jembe la mkono, matumizi ya mbolea, kujua zao gani lafaa udongo upi.

Zaidi ya nusu karne imepita, na katika hayo mawili tumelishika moja. Kuanzia "Uhuru na Kazi" ya TANU hadi "Hapa Kazi Tu" ya kampeni za mwaka 2015, kaulimbiu zetu zimehimiza juhudi. Wahamasishaji wanaojaza kumbi siku hizi nao wanahimiza hizohizo: amka saa kumi alfajiri, punguza usingizi, jitume, jitenge na wavivu. Mfanyakazi anatoka ukumbini na hamasa tele. Ikifika Jumatano hamasa imekwisha, na sasa ameongezewa sababu ya kujilaumu.

Nalitetea hapa lile sharti la pili. Wengi wanaochelewesha kazi zao hawana upungufu wa juhudi. Siku zao zimepangwa vibaya, na mara nyingi hawakuzipanga wao. Tumezoea kuliita tatizo hilo uvivu, jina ambalo linamwumiza mtu bila kumwonyesha pa kushika.

Chukua asubuhi ya afisa katika halmashauri yoyote. Anafika saa moja na nusu, anasaini daftari la mahudhurio, anafungua kompyuta aandike taarifa ya robo mwaka. Hajamaliza aya ya kwanza, kundi la WhatsApp la idara linataka takwimu za haraka. Anazitafuta. Mgeni anaingia kuulizia jalada lake, masijala wamemwambia liko humu. Kundi la ukoo linakumbusha michango ya harusi. Mkuu wa idara anaita kikao kifupi, nacho kinakula saa mbili. Mchana unafika na taarifa ina aya ileile moja. Mtu huyu hakukaa bure hata dakika moja. Amechoka kwelikweli, na jioni akiulizwa amefanya nini, atatafuta jibu asilione.

Mtafiti Sophie Leroy alichapisha mwaka 2009 utafiti unaoieleza hali hiyo. Mtu akiacha kazi moja katikati na kurukia nyingine, akili haihami yote kwa pamoja. Sehemu yake inabaki ikiishughulikia ile ya kwanza, hasa kama haikukamilika, na kazi ya pili inapata akili pungufu. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amekuwa akipima kwa miaka mingi muda ambao mtu hukaa kwenye kitu kimoja mbele ya kioo cha kompyuta kabla ya kuhamia kingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa dakika mbili na nusu. Katika vipimo vya miaka ya karibuni umeshuka hadi sekunde 47. Katika jaribio lingine, la mwaka 2008, yeye na wenzake waliona kwamba wanaokatizwa huongeza kasi kufidia muda uliopotea, na kasi hiyo wanailipia kwa msongo na hasira. Kwa hiyo uchovu wa afisa wetu ni wa haki kabisa. Ameufanyia kazi.

Vitabu vingi vya ughaibuni vinashauri hapo ufunge mlango na uzime simu. Ushauri huo una mahali pake, lakini haumfai kila mtu. Huwezi kumrudisha mama aliyepanda bodaboda kutoka kijijini tangu alfajiri kwa sababu unalinda umakini wako. Kumhudumia ndiyo kazi uliyoajiriwa. Kinachowezekana ni hatua ndogo ambayo Leroy na mwenzake Theresa Glomb waliijaribu katika utafiti wa mwaka 2018. Kabla ya kumgeukia anayekukatiza, andika kwa ufupi ulipofikia na utakachofanya ukirudi. Mstari mmoja unatosha: "Nimemaliza jedwali la mapato, linalofuata ni maelezo ya upungufu wa Februari." Waliofanya hivyo waliishughulikia kazi iliyowakatiza kwa akili iliyotulia zaidi. Akili ikijua kwamba kazi imewekwa mahali salama, inaiachia. Kwa ofisi zetu zenye milango wazi, sijakutana na ushauri mwingine rahisi na wenye msaada kama huu. Makundi ya simu yana dawa nyepesi zaidi: yanyamazishe hadi saa nne, na uiambie idara mapema kwamba jambo la dharura lipigiwe simu.

Hilo linahusu kuilinda siku isimong'onyoke. Ari yenyewe inatoka wapi?

Teresa Amabile, profesa wa Harvard, na Steven Kramer walilitafuta jibu kwa kuwaomba wafanyakazi 238 wa kampuni saba waandike kila mwisho wa siku jambo moja lililojitokeza kazini na jinsi walivyojisikia. Walikusanya kumbukumbu zinazokaribia 12,000. Walipozitenga siku njema na siku mbaya na kuangalia zimetofautianaje, jambo moja lilizishinda sifa, bonasi na hata maelewano na wenzao: kazi kusogea. Katika siku ambazo watu walijisikia vizuri kabisa, asilimia 76 zilikuwa na hatua fulani mbele, hata iwe ndogo. Katika siku mbaya kabisa, asilimia 67 zilikuwa na kukwama au kurudi nyuma. Kisha watafiti hao wakawauliza mameneja 669 wapange kwa uzito mambo matano yanayowapa watu ari. Walioweka kusaidia kazi isogee nafasi ya kwanza walikuwa asilimia tano tu.

Matokeo hayo yanapindua namna tunavyozungumza. Sisi husema mtu apate ari ndipo afanye kazi, tunamngoja ajisikie. Kumbukumbu zile zinaonyesha mwendo wa upande wa pili, ambao ndio wenye nguvu zaidi: kazi inasogea, mtu anajiona ana uwezo, na kesho anarudi akiwa na hamu. Kama ndivyo, mtu aliyekata tamaa kazini hahitaji hotuba. Anahitaji kipande cha kazi anachoweza kukimaliza kabla ya chai ya saa nne, akione kimekwisha.

Hapa kazi za mikono zina bahati. Fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, anaanza na mbao mbichi. Ikifika mchana miguu minne ya meza imesimama ukutani, jioni msasa umepita, kesho vanishi. Haambiwi na mtu kwamba amefanya kazi, anaiona na kuishika. Mhasibu, afisa mipango, mhariri, mwalimu anayesahihisha, hawa kazi yao haionekani. Barua pepe moja ikijibiwa huzaa mbili. Jalada likitoka mezani, jingine limeshaingia. Mtu anaweza kufanya kazi hivyo kwa miaka kumi na asiwahi kuwa na jioni moja ya kusema hiki nimekimaliza.

Kwa hiyo anayefanya kazi isiyoonekana hana budi kuifanya ionekane, na sehemu kubwa ya maarifa ninayoyatetea imo humo. "Kuandaa bajeti ya idara" si kazi ya kuandikwa kwenye orodha ya leo. Ni jina la rundo la kazi ishirini, na ukiliandika hivyo litakutazama kila asubuhi hadi mwaka wa fedha uishe tarehe 30 Juni. Kazi ya leo ni kupiga simu vituo vitatu vya afya kupata makisio ya dawa. Nyingine ni kulinganisha bei za mwaka jana na za sasa. Nyingine ni kuandika dokezo sabili la ukurasa mmoja kwenda kwa mhasibu. Kila moja ina mwanzo na mwisho, na ikikatwa kwa kalamu imekatika. Jioni, kabla ya kufunga kompyuta, mistari mitatu kwenye daftari ya kilichosogea leo na kitakachoanza kesho. Wapo watakaoona kuandika kilichokwisha fanyika ni kupoteza muda, kwa sababu orodha wanayoijua ni ya yasiyofanyika. Orodha hiyo haiishi kamwe. Mtu anayeitazama hiyo peke yake kila siku anajifunza kila siku kwamba ameshindwa.

Serikali zetu zimejaribu jambo linalokaribiana na hili kwa viwango vyao. Kenya ilianza mikataba ya utendaji mwaka 2004 kwa mashirika ya umma 16. Rwanda tangu mwaka 2006 ina imihigo, ambapo mameya wa wilaya husaini ahadi zao mbele ya Rais. Tanzania ilileta mwaka 2004 Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ule ambao watumishi walizoea kuuita OPRAS, na miaka ya karibuni ukafuatiwa na PEPMIS. Kasoro ya fomu za mwaka inajulikana na kila aliyewahi kuzijaza: lengo linaandikwa Julai na kukumbukwa tena Juni. Lengo unalolitembelea mara moja kwa mwaka haliwezi kukuinua kitini Jumanne asubuhi. Mfumo mpya unataka kazi zigawanywe na kuripotiwa mwaka mzima, na kwa hilo uko karibu zaidi na yale aliyoyaona Amabile. Mtumishi akiujaza kwa ajili ya jicho la msimamizi tu, utakuwa mzigo mwingine. Akiutumia kuiona kazi yake mwenyewe ikisogea, atakuwa amepata chombo.

Lakini hatua kuonekana hakutoshi, na historia yetu ina ushahidi mchungu. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika chini ya ukoloni, kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30. Kila siku ya kazi aliyoitimiza ilitiwa alama, na ujira ulilipwa alama 30 zikitimia. Ukitazama juu juu utasema huo ndio mpango kamili: kazi imegawanywa, kila hatua inaonekana, mwisho unajulikana. Haukumpa mtu moyo wa kuipenda kazi. Mkonge haukuwa wake, alama hakuzitia yeye, na kadi ilikuwa njia ya kumshikilia hadi siku ya mwisho. Vibarua wengi walichukua muda mrefu kuliko siku hizo kuijaza, wakienda kazini siku hii na kutoenda siku ile. Amabile mwenyewe anasisitiza kwamba hatua inayompa mtu ari ni ile iliyo katika kazi yenye maana kwake. Hilo neno maana halipaswi kupitwa haraka.

Adam Grant na wenzake waliliweka kwenye mizani katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Katika Chuo Kikuu cha Michigan kulikuwa na kituo cha kupiga simu kuomba michango, sehemu yake ikienda kwenye ufadhili wa wanafunzi. Kazi inachosha, wengi wanaopigiwa hukata simu. Watafiti walichukua kundi moja la wapigaji na kulikutanisha, kwa muda usiozidi dakika kumi, na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo. Aliwaeleza ufadhili ulivyobadilisha maisha yake. Basi. Mwezi mmoja baadaye wapigaji wale walikuwa wakitumia kwenye simu muda zaidi ya mara mbili ya awali, na fedha walizokusanya zilikuwa zaidi ya mara mbili pia. Makundi ambayo hayakukutana naye hayakubadilika.

Hawakuongezewa mshahara, hawakupelekwa semina. Walionyeshwa mtu. Nafikiria idadi ya watumishi ambao hawajawahi kumwona anayekula matunda ya kazi yao: karani anayeingiza takwimu za chanjo na hajafika kliniki ya watoto hata mara moja, mpima ardhi ambaye hati inatoka miaka miwili baada ya yeye kuondoka eneo lile, mhasibu anayelipa fedha za kisima na hajui kama maji yalitoka. Safari moja kwa mwaka kwenda kuona ingegharimu mafuta kidogo ya gari.

Kuhusu kuanza, maana kuna kazi ambazo hata zikikatwa vipande bado mkono unasita, Peter Gollwitzer wa Ujerumani ametumia miongo kadhaa kuchunguza kwa nini nia njema hubaki nia. Katika jaribio moja wanafunzi waliombwa kuandika ripoti ndani ya siku mbili wakati wa sikukuu ya Krismasi. Nusu yao waliambiwa pia waamue papo hapo wataiandika saa ngapi na wakiwa wapi. Wengi wa hao waliituma, zaidi ya theluthi mbili. Kwa wengine ilikuwa kama theluthi moja. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya tafiti 94 za aina hiyo na msimamo ukabaki uleule. "Wiki hii nitaandika taarifa" ni matamanio. "Kesho nikishaweka mkoba mezani, kabla ya kufungua simu, nitaandika aya ya utangulizi" ni mpango, na mpango huo unamwondolea mtu kazi ya kuamua katika ile saa ambayo uamuzi ni mgumu.

Sasa fedha. Nimesoma makala nyingi za ari kazini zinazoikwepa, na wasomaji wa mishahara midogo wana haki ya kukasirika. Frederick Herzberg, katika utafiti wa mwaka 1959 kwa wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, aliona kwamba mshahara mbaya na mazingira mabaya huwaudhi watu na kuwavunja moyo, ilhali kinachowainua ni mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe. Mwajiri asilichukue hilo kuwa ruhusa ya kulipa kidogo na kugawa vyeti vya mfanyakazi bora. Mtu anayewaza nauli ya kesho na ada ya mtoto hana akili ya ziada ya kuipa taarifa yako. Mlipe kwanza, umlipe kwa wakati.

Tatizo langu ni posho. Tumejenga desturi ambapo kikao chenye posho hujaa na kikao hichohicho bila posho hukosa watu, hata kama ajenda ni kazi ya kila aliyealikwa. Edward Deci alionyesha mwaka 1971 jambo linalofanana na hilo. Wanafunzi waliolipwa kwa kutatua mafumbo ya maumbo, malipo yalipoondolewa, waliyagusa kidogo kuliko awali katika muda wao wa mapumziko, wakati waliokuwa hawajalipwa kamwe waliendelea nayo. Malipo yakifungwa kwenye kila kitendo, kitendo chenyewe hupoteza mvuto. Fedha hizohizo zingeingizwa kwenye mshahara zingemtuliza mtumishi bila kumfundisha kuuliza "kuna bahasha?" kila anapoitwa kufikiri.

Na kupumzika. Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Viwandani watu walikuwa wakifanya kazi siku saba kwa wiki, saa zaidi ya 60 na hata 70, kwa imani kwamba kila saa inayoongezwa inaongeza risasi. Daktari H. M. Vernon alipima kazi yenyewe badala ya saa. Aliwakuta wanawake waliokuwa wakichonga sehemu za mabomu kwa mashine, ambao saa zao zilipunguzwa kutoka zaidi ya 60 hadi chini ya 50 kwa wiki, wakitoa mwishoni mwa wiki kazi nyingi kuliko walipokuwa wakishinda kiwandani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku, na anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika 60. Ni wangapi wanaozichukua dakika hizo? Wengi huagiza chipsi na kuzila mezani wakitazama kioo. Kutoka, kutembea hadi kwa mama lishe, kula wali maharage ukizungumza habari za mpira, ni sehemu halali ya siku ya kazi, na atakayekushangaa ukifanya hivyo aonyeshwe sheria.

Siku ya mapumziko ya wiki ina adui mpya, ujumbe wa bosi unaoingia Jumapili usiku. Mara nyingi hauna nia mbaya. Kiongozi amekumbuka jambo na anaogopa kulisahau. Anayeupokea halali vizuri, na Jumatatu anaanza akiwa tayari amechoka. Kiongozi aliandike kwake, alitume asubuhi. Waraka wa kwanza kabisa wa ile kamati ya Uingereza ulihusu kazi za Jumapili, na ulishauri zipunguzwe, wakati huo jeshi likililia mabomu. Kama kiwanda cha mabomu kiliweza kushauriwa hivyo katikati ya vita, takwimu za idara zinaweza kusubiri hadi Jumatatu saa moja na nusu.